Weusi wa Kitambaa

Chukua kitambaa cheupe, kikavu, ukisugue juu ya kipande cha alumini tupu. Kitatoka cheusi. Lioshe bati hilo kwa sabuni, lisuuze, likaushe, kisha lisugue kwa kitambaa kingine: cheusi vilevile. Anayeanza kazi ya kung'arisha hudhani bado kuna uchafu, akazidisha sabuni. Uchafu haupo. Weusi ule ni alumini yenyewe, imesagika chembe ndogo mno hata haziwezi tena kurudisha mwanga, zinaumeza. Metali ambayo ikiwa bapa na laini hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaoipiga, ikishakuwa unga wa kwenye kitambaa hufanana na masizi.

Akina mama wa Kashikishi wanaujua weusi huo kwa viganja vyao. Kashikishi ndiko kwenye soko na ufukwe wenye pilikapilika wa Nchelenge, wilaya ya Mkoa wa Luapula, Zambia, pale Ziwa Mweru linapotandaza takriban kilomita za mraba 5,100 za maji kati ya Zambia na Kongo. Asubuhi, chisense, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa, huanikwa mchangani na ufuo mzima ukameta. Pembeni, miguu ikiwa majini, akina mama huinamia masufuria. Mchanga mbichi wa chenga kubwa huanza chini ya sufuria, kwenye masizi ya kuni. Ubavuni hautumiki mchanga ule; hapo hushika zamu majivu yaliyochekechwa kwa vidole, yakaloweshwa mpaka yakawa uji mzito. Mkono unazunguka, kisha unageuza mwelekeo, kisha unazunguka tena. Wapo wanaopaka udongo laini au sabuni chini ya sufuria kabla haijakaa mekoni, ili masizi yashike udongo na yasiishike alumini. Kazi ikiisha, vyombo hufudikizwa juu ya kichanja cha miti nje ya nyumba, jua liendelee na kazi yake na wapita njia waone.

Waone, ndiyo. Hakuna sababu nyingine ya maana. Sufuria iliyoganda masizi mazito hupoteza joto, hilo kweli, lakini ubavu mweusi kidogo hunywa joto la miali ya moto vizuri kuliko ubavu unaong'aa. Ukihesabu kuni peke yake, mama anayeng'arisha sufuria nje na ndani anajitia hasara ndogo. Anaijua hesabu yake mwenyewe: kichanja kile kinasomwa na kila apitaye, na nyumba inahukumiwa kwa kichanja.

Nimeanza na sufuria kwa makusudi, kwa kuwa ninachotaka kukizungumza ni gari, yaani tamaa ya baadhi ya watu ya kuondoa rangi yote kwenye bodi ya alumini na kuisugua mpaka mtu aweze kunyolea ndevu mbele ya mlango wake. Wanaoifanya kazi hii ughaibuni huizungumzia kama sayansi yao ya siri, yenye chupa za dawa na mashine za bei. Nikiwasikiliza, nawaona akina mama wa ufukweni. Sheria za kazi ni zilezile, na wa ufukweni walizipata bila chupa.

Gari lenyewe, kwa pande zetu, ni Land Rover. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alichora umbo lake la kwanza kwa kijiti mchangani, kwenye ufuo wa Red Wharf Bay huko Wales. Tarehe 30 Aprili 1948 gari likaonyeshwa kwenye maonyesho ya Amsterdam. Vita vilikuwa vimemalizika, Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kibali, na alumini iliyokuwa ikitengenezea ndege ilikuwa tele. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa mabati ya alumini iliyochanganywa na magnesiamu kidogo, juu ya fremu ya chuma, ikapakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye maghala ya ndege. Uamuzi wa dhiki ukawa bahati ya Afrika. Chuma cha magari mengine kililiwa na kutu, na Land Rover za polisi, za misheni na za mabwana shamba zikazeeka kwa namna nyingine: rangi ikabanduka, ikachubuliwa na miiba na mizigo, na chini yake ikatokea ngozi ya kijivu isiyooza. Oktoba 2024 Arusha ilipofurika Land Rover kwa tamasha lao, ungeweza kusimama kando ya barabara ukaona zaidi ya nusu karne ya alumini ikipita mbele yako, karibu yote imefunikwa rangi.

Magari ya alumini isiyofunikwa yamewahi kupita barani kwetu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town. Zilikuwa trela za mabati ya alumini yaliyofungwa kwa riveti mithili ya ndege, bila tone la rangi. Zilipita nchi za Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 zikafika Cairo. Nawaza kuhusu watoto wa vijiji vya njiani waliojiona wenyewe, kwa mara ya kwanza wakiwa wazima tangu kichwani hadi miguuni, ubavuni mwa nyumba inayotembea. Miezi michache baadaye Kongo ilikuwa huru na barabara ile isingepitika tena kwa urahisi.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza na nyundo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Rangi ni rafiki wa fundi bodi mvivu. Bonde la mlango hujazwa kandikizo, likapigwa msasa, likapakwa rangi, na mteja akaondoka ameridhika. Alumini inayokusudiwa kuwa kioo haikubali kandikizo lolote. Kila kilichopinda lazima kirudi kwa kunyooshwa, kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga nyuma yake, na alumini ni mkaidi kuliko chuma: ukiigonga hutanuka, ukizidi kuigonga hugeuka ngumu na kupasuka. Kwenye gari lililopakwa rangi bonde la milimita moja halionekani. Kwenye kioo, bonde hilohilo hupinda kichwa cha mtazamaji kikawa kama boga. Ndiyo maana fundi mwenye akili hutaka kuiona bodi ikiwa tupu kabla ya kutaja bei.

Rangi ya zamani hutolewa kwa dawa. Grainda na brashi ya waya za chuma huacha vipande vya chuma vimejichomeka ndani ya alumini, na miezi miwili mitatu baadaye vinatoa madoa ya kutu kwenye metali isiyo na kutu. Mama anayesugua sufuria kwa stilwaya, akaiacha na maji usiku kucha, ameyaona madoa hayo.

Kisha msasa, pamoja na maji. Namba 400 ina chembe za mikromita 35 hivi, kama nusu ya unene wa unywele. Namba 1000 ina chembe za mikromita 18, na 2000 mikromita 10. Kanuni ni moja, haina njia ya mkato: mikwaruzo ya msasa huu lazima imeze mikwaruzo yote ya msasa uliotangulia. Ili ujue imemezwa, badili mwelekeo. Ukisugua kwa 400 kutoka kushoto kwenda kulia, sugua kwa 600 kutoka juu kwenda chini, na uendelee mpaka usione mstari hata mmoja wa kulala. Mstari mmoja ukibaki, usijidanganye kwamba hatua ijayo itaufuta. Haitaufuta. Itaung'arisha, na utakutazama siku zote utakazomiliki gari hilo. Kila unapobadili namba, badili na maji, osha ndoo, osha mikono, kwa kuwa punje moja ya 400 iliyojificha chini ya kucha itaharibu kazi ya mchana mzima wa 1500. Wazee wa kazi za mbao walikuwa na utaratibu huohuo walipotumia majani makavu ya mti wa msasa, makavu na makali kwanza, laini mwishoni.

Hapa pana jambo lililonishughulisha kuliko yote. Baada ya namba 2000 huja dawa ya kung'arishia, na baada yake dawa laini zaidi, na hakuna hata hatua moja ambapo mikwaruzo inakoma. Inapungua tu. Mwanga tunaouona una mawimbi yasiyofika urefu wa mikromita moja. Mkwaruzo ukishakuwa mdogo kuliko hapo kwa mbali, mwanga hauugundui, unarudi kwa mpangilio ule uliokuja nao, na sisi tunaita hali hiyo kioo. Bodi inayong'aa kuliko zote duniani imekwaruzwa kila mahali. Imekwaruzwa kwa nidhamu.

Dawa hizo hupakwa kwa gurudumu la kitambaa, na gurudumu lisisimame mahali pamoja, maana joto lake hulainisha uso wa alumini na kuuburura kama tope. Weusi unatoka kwa wingi sasa, unaruka usoni, unaingia puani. Barakoa ni lazima, na wanaofanya kazi hii ndani ya banda lililofungwa wakumbuke kwamba unga mkavu wa alumini ukitanda hewani unaweza kulipuka kwa cheche moja. Mwisho kabisa ni mkono mtupu na kitambaa cha pamba, pamoja na unga wa ngano au wanga wa mahindi, unaofyonza mafuta ya dawa yaliyobaki. Unga wa kula, naam. Sijui nani wa Luapula angekubali kupaka mlango wa gari unga wa nshima, yaani ugali, ingawa majivu yangefanya sehemu kubwa ya kazi bila gharama.

Majivu yanastahili heshima kuliko yanayoipata. Yana magadi ndani yake, na magadi hula alumini. Mpishi aliyewahi kuchemsha chakula chenye magadi kwenye sufuria ya alumini ameona ndani yake pakiwa peusi. Kwa hiyo mama mwenye konzi la majivu anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: chembe zinakwaruza, na maji ya majivu yanalegeza utando wa juu. Limau au ukwaju hupitia njia nyingine: tindikali inaondoa weusi na kuacha weupe mzuri. Dawa nyingi za kusafishia magurudumu ya alumini madukani hufuata moja ya njia hizo mbili, tindikali au magadi, zikatiwa harufu na rangi.

Na utando huo ni nini? Alumini ikikutana na hewa, papo hapo huvaa ngozi ya oksidi yenye unene wa nanometa chache. Ngozi hiyo haiachi hewa ipite, kwa hiyo inakomea hapo; kutu ya chuma hubanduka na kufungua njia ya kutu nyingine, ya alumini hufunga mlango. Oksidi hiyo, ikiwa fuwele kubwa iliyopikwa ardhini kwa muda mrefu na kuguswa na kromiamu, ndiyo yakuti nyekundu, ile wanayochimba Longido kaskazini mwa Tanzania. Ugumu wake unapitwa na almasi na mawe machache sana. Tena ndiyo inayosagwa ikawa chembe za karatasi ya msasa na unga wa dawa za kung'arishia. Alumini husuguliwa kwa oksidi yake mwenyewe.

Nikilijua hilo siwezi tena kuutazama ukijivu wa Land Rover kuukuu kama uzee au uchovu. Ndio vazi lake. Anayesugua anaivua nguo, na kabla hajakunja kitambaa imeshaanza kuvaa tena. Mvua, umande, vumbi, alama za vidole vya watoto, na baada ya muda kioo kinaingia ukungu. Lazima arudie. Kila anaporudia, kitambaa kinatoka cheusi, yaani bodi imepungua kidogo. Masufuria ya Kashikishi yaliyosuguliwa miaka mingi huwa mepesi mkononi, kingo zake nyembamba, na hatimaye hutoboka. Wapo waliojaribu kukwepa marudio kwa kupaka vanishi juu ya alumini iliyong'arishwa. Vanishi haishiki vizuri juu ya uso laini namna hiyo. Jua huibandua, na kuitoa ni kazi kuliko ile ya kwanza.

Kwa gari linalofanya kazi, kioo ni mzigo. Tuanze na joto. Watu hudhani alumini inayong'aa hubaki baridi juani kwa kuwa hurudisha mwanga, lakini kidogo inachokinywa haiwezi kukitoa, kwa sababu uso uleule unaokataa mwanga hukataa pia kutoa joto lake. Rangi nyeupe ya kawaida hubaki baridi zaidi, na walioamua magari ya hospitali na mashirika yawe meupe hawakukosea. Kuna na mwako machoni: boneti ya kioo chini ya jua la saa saba humpofusha dereva mwenyewe, ndiyo maana ndege za zamani zilizoachwa bila rangi zilipakwa nyeusi isiyong'aa mbele ya dirisha la rubani. Nchelenge ina nafuu moja tu dhidi ya Mombasa au Zanzibar: maji ya Mweru hayana chumvi. Pwani, mahali bati la alumini linapokutana na fremu ya chuma, chumvi huunganisha metali hizo mbili kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe chini ya riveti. Ziwani mchezo huo huenda taratibu sana.

Kwa hiyo ni upuuzi? Nilitaka kusema hivyo, nikakumbuka kichanja. Kuna kazi ambazo faida yake ni kuonekana kwamba zimefanywa. Mtu aliyesugua sufuria, au bodi, anasema hadharani kwamba alikuwa na mikono, alikuwa na muda, na aliutumia juu ya kitu hiki. Hilo sioni aibu yake. Ninachokiona kibaya ni jinsi tunavyogawa sifa. Mwanamume akisugua gari hadi likawa kioo, tunamwita fundi, tunampiga picha, tunamlipa kwa kila bati. Mwanamke akifanya kazi ileile kwa majivu kila asubuhi, tunaita kuosha vyombo.

Tena vyombo hivyo si vitu vidogo. Kuyeyusha kilo moja ya alumini kutoka kwenye madini yake kunakula takriban yuniti 14 za umeme, kwa njia ambayo Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa waliigundua mwaka mmoja, 1886, kila mmoja kivyake. Kabla ya hapo alumini ilikuwa johari. Mwaka 1884 Wamarekani waliweka kipande chake cha kilo tatu hivi juu kabisa ya mnara wa Washington kwa fahari. Leo metali hiyo iliyojaa umeme inakaa juu ya mafiga matatu na kuni, inapika samaki, na asubuhi inasuguliwa kwa majivu ya kuni hizohizo. Wanaoyeyusha injini chakavu mijini ili kusubu masufuria mapya wanaokoa karibu umeme wote huo, ingawa si sufuria zote za namna hiyo zilizo salama: uchunguzi wa vyombo kutoka nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo, umekuta risasi ndani ya baadhi yake. Sufuria ya namna hiyo, kadiri unavyoisugua ndani, ndivyo unavyoondoa ngozi iliyokuwa ikiizuia risasi hiyo. Ingʼarishe nje, ndani uiache na utando wake.

Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa mwaka 1948 ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Zilizobaki huku kwetu hazitaongezeka, na bati unalosugua leo halina mbadala wa bei ya kawaida. Hukumu yangu ni hii: gari la kazi liachwe kijivu, au lipakwe rangi nyeupe likahudumie watu. Gari la mapenzi lisuguliwe mlango mmoja, mwenyewe aone kama mkono wake unataka kuendelea mwaka hadi mwaka. Na kabla hujanunua dawa yoyote, wewe uliyedhamiria, omba sufuria jikoni kwenu na umwombe mama akufundishe mchanga unakoma wapi na majivu yanaanza wapi. Ukihitimu, mlipe ujira ambao ungemlipa fundi.